Upanga wa tai chi kwa anayeanza: wa Arusha na Moshi tukutane hapa

#1 Binti wa Themi (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Nimekuwa nikiulizwa sana kuhusu upanga wa tai chi, ile sanaa ya Kichina ya mwendo wa taratibu, na maswali ni yaleyale: naanzaje, upanga naupata wapi, kwa umri wangu nitaweza? Nimeona niyaweke yote hapa ili wa Arusha na Moshi tusaidiane, na wenye ujuzi kunizidi waongezee.

Kwanza tuelewane tunazungumzia upanga gani. Ni mwembamba, umenyooka, una makali pande zote mbili, unashikwa kwa mkono mmoja. Wachina wanauita jian. Tai chi ina silaha nyingine, kuna upanga mpana uliopinda wenye makali upande mmoja, kuna mkuki, ila uzi huu ni wa huo mwembamba. Mfululizo wanaoanza nao watu wengi duniani ni wa mapigo 32. Ulitungwa China mwaka 1957 chini ya kamati ya michezo ya serikali, wakachukua upanga wa mtindo wa Yang wakaufupisha na kuupanga upya ili watu wa kawaida waumudu. Mwaka mmoja kabla ulikuwa umetoka ule wa mikono mitupu wenye mapigo 24, ambao bila shaka mmeshaona wazee wa Kichina wakiufanya bustanini asubuhi. Hayo 32 yako katika sehemu nne, kila sehemu mapigo 8, na ukiyafanya yote kwa mwendo wake ni kama dakika tatu tu.

Sasa msimamo wangu. Wapo wanaosema usiguse upanga mpaka uive kwenye mikono mitupu. Mimi nasema kwa mazingira yetu, ambako mwalimu ni wa kubahatisha, shika upanga wa mbao mapema. Sababu ni ncha. Ukipandisha bega, ncha inapanda. Ukikaza ngumi, ncha inatetemeka. Ukigeuza mkono kabla ya kiuno, ncha inafika kwanza halafu inausubiri mwili. Mkono mtupu unayaficha yote hayo, unajiona uko sawa kumbe hauko. Saa kumi na mbili asubuhi, uko peke yako kwenye kiwanja cha mtaa na baridi la Arusha, hakuna wa kukurekebisha. Ncha ipo mbele ya macho yako, iangalie.

Mfano ni pigo la kwanza kabisa, la kudonoa. Umesimama miguu ikiwa pamoja, magoti yamelegea, mkono wa kulia umenyooka mbele. Kifundo cha mkono kinapanda, na kwa kupanda kwake ncha inashuka mbele na kudonoa. Mkono mzima umetulia, kinachofanya kazi ni kifundo. Anayeanza karibu kila mara anashusha mkono wote kuanzia begani, na hapo ameshafanya pigo jingine, la kupasua, ambalo nguvu yake inakaa kwenye makali badala ya ncha. Ukitaka kujipima, chora alama ya chaki kwenye nguzo au ukuta, usawa wa tumbo. Simama kwa umbali ambao ncha inakaribia bila kugusa, kisha donoa polepole. Ncha ikipitiliza alama halafu ikarudi, kifundo kimekaza. Ikiyumba kushoto na kulia, unaubana mpini kwa vidole vyote.

Na hapo kwenye vidole ndipo wengi wanapochoka bure. Kidole gumba, cha kati na cha pete ndivyo vinavyoshika. Cha shahada na cha mwisho vinakaa tu, vinabana pale pigo linapodai, kisha vinaachia. Mkono wa kushoto nao una kazi yake: kidole cha shahada na cha kati vimenyooka pamoja, cha pete na cha mwisho vimekunjwa, gumba limelalia kucha zake. Mkono huo unakwenda na upanga muda wote, mara unagusa kifundo cha kulia, mara unafunguka upande wa pili kuweka mizani. Ukiona wa kushoto unaning'inia bila kazi, jua kiuno nacho kimelala.

Karibuni kwa maswali.

#2 Kata ya Unga

Dada heshima kwako, uzi mzuri. Ila hapo kwenye kuanza na upanga sikubaliani nawe.

Mimi ni mtu wa karate, nafundisha vijana huku Unga Limited. Silaha ni nyongeza ya mkono, mkono ni nyongeza ya kiuno, kiuno kinasimama juu ya miguu. Mtu ambaye hajui kusimama ukimpa upanga, akili yote inahamia mkononi. Ninaona kwa macho yangu: kijana akishika fimbo tu, nyayo anazisahau. Wewe unasema ncha itamwonyesha makosa. Sawa, itamwonyesha kwamba kuna kosa, lakini haitamwambia liko wapi. Anaona ncha inatetemeka, anazidi kukaza mkono ili itulie, anaharibu zaidi.

Kuna hatari nyingine. Vijana wanapenda upanga kwa ajili ya picha. Ukiwapa mlango wa mkato wanapiga picha, wanapakia, wiki ijayo hawapo. Mapigo 24 ya mikono mitupu yanamchuja mwenye nia.

#3 Mzee wa Rau

Nawasalimu wote. Mimi niko Moshi, nimestaafu ualimu, mwaka huu natimiza 67. Goti la kulia linanisumbua nikipanda ngazi, na mke wangu ameshaanguka bafuni, kwa hiyo habari ya mizani imenigusa. Je, kwa umri huu upanga unafaa au nibaki na kutembea tu? Na hayo mapigo ya kusimama mguu mmoja yapo mangapi?

#4 Binti wa Themi

> Kata ya Unga: haitamwambia liko wapi

Kaka, hoja hii ni nzito, na ndiyo maana sisemi mtu aanze na upanga peke yake. Ninachopinga ni kumzuia mpaka amalize mfululizo mzima wa mikono mitupu, wakati huku kwetu wa kumfundisha huo mfululizo hayupo. Mimi nilibahatika, nikiwa nasoma Dodoma kulikuwa na mwalimu wa Kichina aliyetukusanya jioni. Nilivyorudi Arusha sikumpata wa kuendelea naye. Wengi hapa hawajapata hata mwanzo huo.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kila zoezi lianze bila upanga, dakika kumi za kusimama na kutembea. Hatua ya upinde ndiyo mama: mguu wa mbele umekunjwa, goti liko juu ya vidole na halivipiti, mguu wa nyuma umenyooka bila kukakamaa, na nyayo haziko kwenye mstari mmoja. Hili la mwisho ndilo linaloangusha watu. Kati ya mstari wa kisigino cha mbele na wa nyuma acha nafasi, sentimeta 10 hadi 30, la sivyo unatembea kwenye kamba na kiuno hakigeuki. Uzito unahama kwanza, mguu unafuata. Nyanyua, weka kisigino chini bila kukitwika uzito, ndipo uhamie polepole. Mtu akiweza kutembea hivyo mwendo wa kiwanja, mpe upanga.

Halafu ncha ikitetemeka, kuna njia ya kutafuta chanzo. Simama palepale kwenye pigo, legeza vidole. Bado inatetemeka? Shusha bega na kiwiko. Bado? Basi iko miguuni, punguza kina cha goti. Unatoka mkononi kwenda chini. Mara nyingi jibu linapatikana kwenye miguu, na hapo tumekutana mimi nawe, tofauti yetu ni mlango wa kuingilia tu.

Kuhusu picha, mtu akivutwa na picha akabaki kwa sababu ya zoezi, mimi nashukuru.

Mzee wa Rau shikamoo baba. Katika sehemu ya kwanza mapigo ya mguu mmoja ni matatu: la pili, la sita na la nane. Naomba wa upande wa afya wakujibu kuhusu goti.

#5 Viungo Imara

Shikamoo mzee wangu. Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Moshi, tai chi naifanya mwenyewe, naomba nikujibu.

Ushahidi upo wa kutosha kwamba tai chi inasaidia mizani ya wazee. Utafiti mmoja ninaowasimulia wagonjwa wangu ulifanyika Oregon, Marekani, ukachapishwa 2012. Watu 195 wenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, waligawanywa makundi matatu: tai chi, mazoezi ya kuongeza nguvu za misuli, na kujinyoosha. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24. Kundi la tai chi lilikuwa imara zaidi wakiwa wamesimama kuliko makundi mengine yote mawili, na lilianguka mara chache kuliko la kujinyoosha. Ile ilikuwa ya mikono mitupu, kwa hiyo siwezi kukuambia upanga peke yake utaleta hayohayo. Ila kuhamisha uzito, kugeuka na kusimama mguu mmoja ni vilevile.

Goti lako. Kabla ya yote likaguliwe, ujue kama ni mifupa inayosagana au ni kitu kingine. Ukiruhusiwa, fanya kwa kimo cha juu, usikunje sana. Goti lielekee kule vidole vya mguu vinakoelekea, muda wote. Goti likiingia ndani huku unyayo umebaki nje, ndipo maumivu yanapozaliwa, na kwenye upanga hilo hutokea wakati wa kugeuka. Kabla ya kugeuka, ondoa uzito kwenye mguu huo, nyanyua vidole, zungusha juu ya kisigino, ndipo urudishe uzito. Usizungushe unyayo ulioelemewa, hasa kwenye nyasi au udongo wa masika unaonata, kwa sababu kiatu kinabaki na goti linakwenda. Vaa raba zenye soli nyembamba iliyo bapa. Katambuga na viatu vya soli nene vyenye meno viache nyumbani.

Pigo la tatu lina mkao wa kuchuchumaa mguu mmoja ukiwa umenyooshwa pembeni, upanga ukifagia. Mzee usilishushe. Fanya ukiwa umesimama karibu wima, upanga ufagie usawa wa goti, inatosha. Na kwenye mguu mmoja, gusa ardhi kwa vidole vya mguu wa pili mpaka siku utakapojiona tayari. Mama naye mlete, aanzie pembeni ya kiti kizito asiwe mbali nacho.

#6 Mwana Sakina

Naweka kambi hapa. Swali la haraka: nyumbani kuna sime ya babu. Ina makali pande mbili na imenyooka. Naweza kujifunzia?

#7 Fundi Randa

Mwana Sakina, sime iache ukutani. Kwanza ni kali. Pili, iangalie vizuri: inapanuka kuelekea nchani, uzito wote uko mbele kwa sababu ni ya kukata. Jian inapungua kuelekea nchani, uzito uko karibu na mkono ili ncha icheze. Ukijifunza kudonoa kwa sime utaumia kifundo.

Mimi ni seremala, Pasua, Moshi. Nimeshawachongea watu wa karate na wa kung fu, na dada mmoja aliniletea upanga wa chuma wa mazoezi nikauchukua vipimo, kwa hiyo naweza kuwaeleza.

Mbao: mninga ni mzuri, hautanuki wala kupinda ovyo. Mtiki pia. Mgrevilea uliokauka vizuri unafaa na ni rahisi, huku Kilimanjaro tunao kila shamba la kahawa lenye kivuli. Msonobari unavunjika upesi. Mpingo waachieni wachonga vinyago, unaua makali ya randa na bei yake ni ya vinyago.

Kilicho muhimu kuliko aina ni nyuzi. Shika ubao, utazame kwa ubavu kama nyuzi zinakimbia moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Nyuzi zikitoka nje ya ubao katikati ya njia, upanga utakatikia hapohapo siku utakapougonga chini. Fundo hata dogo usikubali.

Bapa nalifanya sentimeta 3 na kidogo karibu na mkono, linapungua hadi 2 na nusu karibu na ncha. Unene milimita 8 kwenda 5. Katikati naacha mgongo kidogo, pande zinashuka ili ukiutazama ujue makali yako wapi, kwa sababu kwenye tai chi lazima ujue makali yanaangalia wapi. Makali yenyewe nayaua kwa msasa, ncha naifanya duara. Mpini unakuwa wa duara la yai, usiwe duara kamili, ili kiganja kijue upande bila kutazama. Msasa naanza namba 80, namaliza namba 240, halafu mafuta ya linsidi, sipaki vanishi kwa sababu jasho likiingia mkono unateleza.

Shida ya mbao ni kwamba mizani inakimbilia mbele. Dawa yake: natoboa kitako cha mpini, naingiza nati ya boliti au risasi za nyavu za samaki, naziba kwa gundi na unga wa mbao. Nauweka upanga juu ya kidole, unatakiwa utulie upana wa viganja viwili mbele ya kikingio kilicho kati ya mpini na bapa, au pungufu kidogo. Utakuwa mwepesi kuliko wa chuma, ambao huwa kwenye nusu kilo na zaidi. Kwa anayeanza wepesi huo ni afya ya bega.

Lile shada jekundu la nyuzi mnaloona limening'inia kitakoni mwa mpini sifungi. Litamzonga mtu mkononi kabla hajajua kushika.

#8 Mama Tumsifu

Bwana asifiwe. Nimesoma kwa makini. Mimi naogopa upande wa imani. Nasikia haya mambo yana miungu ya kule na kuita nguvu fulani. Mchungaji wetu alituonya kuhusu mazoezi yenye ibada ndani yake. Naomba mnijibu kwa ukweli, nauliza kwa sababu nina presha na daktari kaniambia nipate mazoezi ya taratibu.

#9 Msomi wa Kaloleni

Mama shikamoo. Swali lako linastahili jibu lililonyooka.

Tai chi inavyojulikana leo mizizi yake iko kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, kwenye ukoo wa Chen. Yang Luchan, aliyezaliwa 1799, alijifunza huko akaipeleka Beijing, na mjukuu wake Yang Chengfu ndiye aliyeieneza kwa mwendo mpana na wa taratibu tunaouona sasa. Ilikuwa mbinu ya kupigana. Mawazo yake yanatokana na falsafa ya Kichina ya yin na yang: mguu mmoja una uzito mwingine hauna, mkono mmoja unasukuma mwingine unapokea. Falsafa hiyo ipo, nisingependa kukuficha, na wapo walimu wanaoichanganya na Utao, dini ya kale ya Kichina. Lakini huo mfululizo wa 1957 ulitungwa na serikali ya kikomunisti kama zoezi la afya, hauna sala, hauna kiapo, hauna jina la mungu yeyote unalotamka. UNESCO iliiandikisha tai chi mwaka 2020 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, orodha ileile yenye muziki na ngoma za mataifa mengi.

Kama kuna mahali mwalimu atakuambia uinamie picha au uchome ubani, una haki ya kukataa na zoezi lako halitapungua chochote. Mweleze mchungaji kama nilivyokueleza, ikiwezekana aje aone.

#10 Viungo Imara

Naongezea kwa Mama Tumsifu: mwenye presha usibane pumzi wakati wa pigo. Vuta na toa kwa kawaida, kwa pua. Wanaoanza huwa wanabana bila kujua wakati wa kusimama mguu mmoja. Na dawa usiache kwa sababu umeanza mazoezi.

#11 Mwana Sakina

Fundi nimekuelewa, sime inabaki. Nimekuwa nafuatilia video za YouTube wiki kadhaa na kipande cha mbao. Bega la kulia linauma kwa mbele, na mkono unachoka kabla ya kumaliza sehemu ya kwanza. Pia kuna mapigo mawili yanafanana, la nne na la tano, kila nikitazama nachanganya kulia na kushoto.

Halafu nimeona wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina, imeingizwa kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, tai chi ikiwemo. Mdogo wangu ana miaka 15, ameanza kuuliza maswali.

#12 Binti wa Themi

Mdogo wangu, bega kwanza. Nina hakika ni pigo la pili, la kuchoma kinyume ukiwa mguu mmoja. Hapo mkono unakuwa juu ya kichwa, kiganja kinatazama nje, ncha inashuka kidogo mbele. Video inaonyesha mkono ulikofika, haionyeshi ulivyopita. Ukiunyanyua moja kwa moja kwa bega, mfupa unabana. Inatakiwa upanga uzunguke kwanza nyuma kulia huku kifua kimegeukia huko, ndipo kiuno kirudi na kuupandisha mkono. Kiwiko kibaki kimekunjwa kidogo, na bega liwe chini kiasi kwamba shingo inageuka bila kuvutwa. Kwa sasa ishia usawa wa paji la uso. Maumivu yakiendelea hata ukiwa umepumzika, nenda kaonwe.

La nne na la tano ni kuvuta bapa likiwa limelala, kulia kisha kushoto. Yote mawili unapeleka ncha mbele kwanza, halafu unaurudisha mpini upande. Kuvuta kulia, kiganja kinatazama chini. Kuvuta kushoto, kiganja kinatazama juu. Shika hilo la kiganja hutachanganya tena. Ncha ibaki katikati, karibu na mstari wa mbele yako, unaosafiri upande ni mpini. Watu wengi wanapeleka upanga mzima pembeni, wanafagia hewa. Pigo hili maana yake ni kwamba makali yanapita juu ya kifundo cha mtu anayekujia, kwa hiyo yanapaswa kurudi nyuma kwako kidogo wakati yanakwenda upande. Nawaomba sana, kwa kila pigo ulizeni linafanya nini. Mkono unaojua kazi yake hauchoki haraka.

Kuhusu video, tafuta iliyopigwa kwa nyuma ya mwalimu. Ikiwa amekutazama, kulia kwake ni kushoto kwako, na ndiyo chanzo cha mchanganyiko wako. Na usikimbilie sehemu ya pili. Kuna mapigo mawili matamu mwishoni mwake, la 15 na la 16, upanga unazunguka kando ya mwili na makali kupanda toka chini, mtu anavyochota maji mtungini kwa kata. Ukiyafikia na bega bovu yatakumaliza.

Mdogo wako mlete. Dakar yenyewe nasikia ni tai chi ya mikono mitupu, kwa hiyo mapigo ya mikono yatamfaa zaidi, na hapo Kata ya Unga ndiye wa kumsimamisha miguu.

#13 Kata ya Unga

Nimekuja na taarifa. Nimewapa vijana wawili upanga wa mbao, mmoja ana misingi ya karate, mwingine mgeni kabisa. Nikachora ile chaki.

Mwenye karate ndiye aliyehangaika zaidi. Anasimama vizuri lakini anakaza mwishoni mwa kila pigo kwa mazoea yetu, ncha inaruka. Mgeni alitulia mapema, ila miguu yake ni mstari mmoja, nikimgusa bega anaanguka. Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu miguu uko palepale. Nililoongeza ni kwamba kwa mtu aliyezoea kukaza, huu upanga ni dawa nzuri, na mwenyewe nimeanza kuutumia baada ya darasa.

Ukumbi wetu uko wazi Jumamosi asubuhi kabla ya darasa la watoto. Sakafu ni saruji laini, unyayo unageuka bila shida. Sitatoza kitu. Dada uje ufundishe mapigo, mimi nisimamie miguu. Anayetaka anifuate inboksi nimwelekeze.

#14 Mzee wa Rau

Nashukuru wote. Goti limekaguliwa, nimeruhusiwa kwa kimo cha juu. Mama ameanza na kiti. Naomba kujua jambo moja: kubeba upanga barabarani hata wa mbao, hakutaniletea maneno na vyombo vya usalama?

#15 Binti wa Themi

Baba hongera sana, na mama pia.

Mimi nimeshona mfuko mrefu wa kitenge wenye kamba ya begani. Kwenye daladala na bodaboda unakaa ndani, nautoa nikifika tu. Nilipoanza nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikamwonyesha na kumweleza ni zoezi, naye akawaambia walinzi wa usiku. Fanya hivyo na majirani wako, wakaribishe watazame. Chuma sishauri nje ya ukumbi, hata kama hakina makali, kwa sababu mpita njia hawezi kujua. Na ukiwa uwanjani, watoto wakikaribia shusha upanga, uhamishie mkono wa kushoto, bapa nyuma ya mkono na ncha juu, tunavyosimama kabla ya kuanza. Wakipita endelea.

Kaka Kata, Jumamosi nipo. Tuanze na kutembea, halafu mapigo mawili tu.

#16 Mama Tumsifu

Nimeongea na mchungaji. Kasema Jumamosi hii ana ndoa, ijayo atakuja kuona mwenyewe. Fundi, wangu utanichongea wa urefu gani? Mimi ni mfupi.

#17 Fundi Randa

Mama, vaa raba utakazofanyia mazoezi, simama wima, mkono wa kushoto ulale ubavuni, kunja vidole. Mwambie mtu apime kutoka penye vidole vilivyokunjwa hadi juu ya sikio. Hicho ndicho kipimo cha bapa, ncha isiwe chini ya hapo. Mpini naongeza mimi kwa upana wa kiganja chako, kwa hiyo nipe na huo, kidole cha shahada hadi cha mwisho. Wa Arusha nitumieni vipimo hivyohivyo kabla ya Alhamisi, nitazifunga pamoja na kuzipakia kwenye basi la asubuhi.